Kwa Täpi

Kutwa nagawa barua kisiwani Hiiumaa,
usiku nachora ramani.
Hakuna anilipaye. Tu wengi tuichorayo,
hatujuani sura, twajuana makosa.

Nyuma ya nyumba ya Endel Pihlak
picha ya setilaiti ilionyesha kipande cha kahawia,
chenye pembe tano, kama kiraka
kilichoshonwa na mtu mwenye haraka.
Nikakizungushia mstari. Ramani ikaniuliza,
kama iulizavyo kila mara: hiki ni nini?

Malisho? Lakini malisho ni majani,
na hapo hakuna jani lililowahi kutimiza wiki.
Ua wa shamba? Shamba lipi? Endel alikuwa fundi wa redio.
Bustani? Kamwambie farasi.
Nikaandika malisho, nikalala.

Asubuhi nikakuta nimesahihishwa.
Reimo wa Tartu, asiyewahi kukanyaga tope letu:
"Hayo si malisho. Ardhi hiyo haimlishi yeyote,
huyo farasi anakula majani ya kununuliwa."
Alijuaje? Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi.
Mwingine akasema zizi.
Mwingine: zizi lina paa, paa liko wapi?
Mwingine akaja na kanuni, vifungu kumi na vinne,
na cha kumi na nne kinapingana na cha pili.
Penye wengi pana mengi:
kwa siku tisa kiwanja kilibadilika rangi mara sita,
na ndani yake Täpi, mwenye miaka ishirini na saba,
alisimama palepale, mguu wa nyuma kaulegeza,
akisinzia.

Bili ya umeme ikanipa kisingizio. Nikaingia hadi uani.
Uzio ulikuwa umetafunwa katikati,
mahali ambapo shingo hufika bila taabu.
"Endel, hapa mnapaitaje?"
Akanitazama kama niliyemuuliza jina la mkono wake.
"Kwa Täpi."
"Na kabla ya Täpi?"
"Kwa Mustik. Kabla ya hapo, kwa yule wa baba,
aliyechukuliwa na shamba la ushirika."
Akagonga ukingo wa hori, barafu ikapasuka.

Rangi ya namna hiyo haimo kwenye orodha.
Kwenye ramani hakuna mwenye kiwanja
anayetembea kwa miguu minne.
Mwishowe niliandika: ardhi ya kufugia wanyama.
Mnyama: farasi. Idadi: mmoja.
Reimo akaafiki. Akaweka na tabasamu.

Februari Täpi akalala, hakuinuka.
Trekta la jirani lilimtoa kwa lango la nyuma,
na ilibidi wang'oe nguzo moja.
Aprili theluji ikayeyuka,
kila alama ya kwato ikawa kikombe cha maji.
Mei, kila kikombe kikaota jani.
Julai ikaja picha mpya: kijani, pembe hadi pembe,
na Reimo, kwa nia njema kabisa,
akabadilisha, akaandika pembeni:
"Sasa ni malisho kweli."

Ni kweli. Simpingi.
Majani ya goti, mororo,
wala hakuna mdomo.

Nilikaa na kikombe cha chai hadi kikapoa.
Sikufuta, sikurudisha.
Niliongeza nukta moja tu, karibu na pembe ya tatu:
hori la maji.
Ramani ikauliza: linatumika?

Nikakumbuka juzi, nilipompelekea gazeti.
Hori lilikuwa limejaa hadi ukingoni,
maji ya asubuhi ileile, hata mdudu hajaelea,
na ndoo imeinamishwa kando, inachuruzika.

Nikajibu: ndiyo.